Maswali ya Wasomaji: Nabii Idrisa, Sindano ya Fundi na Mistari ya Mchangani

Katika toleo lililopita tuliorodhesha majina ya Manabii 25 waliotajwa katika Qur'ani Tukufu, na Nabii Idrisa, amani iwe juu yake, tukampa mistari miwili tu. Wasomaji hawakuridhika. Zimefika barua tano kutoka pembe mbalimbali za mkoa huu wa Dodoma, kila moja ikimuulizia yeye kwa sababu yake, na kwa kuwa zinashikana nimeona nizijibu zote pamoja badala ya kuzigawa miezi mitano.

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini, na kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba. Yeye alikuwa akituambia kwamba mshonaji wa kwanza duniani ni Nabii Idrisa, na kila asubuhi kabla ya kukalia cherehani alimtakia amani Nabii huyo. Sasa kijana mmoja aliyesoma kuliko mimi ameniambia kwamba habari hiyo ni uzushi. Je, baba alinidanganya? — Fundi, Majengo

Wa alaykumu s-salaam, fundi wangu. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukudanganya. Alikupokeza kile alichopokea kwa wakubwa wake, na wao walikipokea kutoka mahali panapojulikana. Kijana naye ana haki kwa upande mmoja, kwamba habari hiyo haina daraja ya aya, ila amekosea kuiita uzushi kana kwamba imetungwa jana barazani.

Qur'ani inamtaja Nabii Idrisa mahali pawili. Katika Surat Maryam, aya ya 56 na ya 57, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, anaamrishwa amtaje Idrisa katika Kitabu, kwamba alikuwa mkweli mno na Nabii, na kwamba Mwenyezi Mungu alimwinua mahali pa juu. Katika Surat al-Anbiyaa, aya ya 85 na ya 86, anatajwa pamoja na Ismail na Dhulkifli, kwamba wote walikuwa katika wenye kusubiri, wakaingizwa katika rehema ya Mola wao kwa kuwa walikuwa watu wema. Ukizisoma aya hizo nne kwa utulivu utaona kwamba hamna sindano wala uzi, hamna kalamu, wala halikutajwa jina la baba yake au la mji wake. Tunachopewa ni ukweli wake, unabii wake, subira yake na cheo chake.

Habari ya ushonaji inatoka kwa wale walioishi karibu na zama za Mtume. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba Idrisa alikuwa mshonaji, na kwamba hakuwa akichoma sindano kwenye nguo ila husema Subhanallah, hata jioni ikimkuta hapakuwa na mtu juu ya ardhi mwenye amali bora kuliko zake. Ibn Kathir, mfasiri wa Sham aliyefariki mwaka 774 Hijria, sawa na 1373 Miladia, ameinukuu kauli hiyo katika tafsiri ya aya ile ile ya Surat Maryam. Ipo pia riwaya iliyowekwa na al-Hakim katika mkusanyo wake wa hadithi, inayotaja Manabii na kazi zao: Adam mkulima, Nuhu seremala, Idrisa mshonaji, Musa mchungaji, Dawud mfuaji wa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita. Hiyo wakaguzi wa hadithi wameitia kasoro katika mlolongo wa wapokezi wake. Vivyo hivyo habari mashuhuri kwamba yeye ndiye wa kwanza kuandika kwa kalamu: Ibn Ishaq, mwandishi wa Sira, ameitaja, na hadithi ndefu ya Abu Dharr inayoibeba ina udhaifu mkubwa. Basi wewe unaposimulia useme "imepokewa kwamba", usiseme "Qur'ani imesema", na hapo wewe na kijana wako hamtakuwa na ugomvi.

Barua yako ilinifanya nifunge safari fupi. Jana baada ya swala ya Alasiri nilipita kwenye baraza moja la mafundi huko huko Majengo, wakati ule upepo wetu wa kiangazi unapopeperusha vumbi jekundu na kila fundi amefunika vitambaa vyake kwa shuka kuukuu. Mzee mmoja alikuwa amesogeza cherehani pembeni, anamalizia kwa mkono shingo ya kanzu. Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akautunga kwenye sindano kwa kuielekeza kwenye mwanga, akaanza. Sindano ilizama upande wa ndani, ikatokeza nje, akavuta uzi mpaka ukakaza bila kukunja kitambaa, kisha akarudia karibu kabisa na pale pa kwanza. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Sikumuuliza anasema nini. Nilikaa kwenye benchi kiasi cha kunywa kikombe cha kahawa, na katika muda huo sindano ilikwenda na kurudi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, ilhali mshono wenyewe haukuzidi upana wa vidole viwili. Nikaelewa kwa nini waliosimulia habari ya Nabii Idrisa walichagua sindano. Ni kazi inayompa mtu nafasi ya kumtaja Mola wake mara elfu kwa siku bila kuacha riziki yake.

Na kama unataka heshima ya kazi ya mikono iliyo katika hadithi sahihi isiyo na shaka, ipo. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi sahihi, Mtume amesema kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile anachokula kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Dawud alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Katika Muslim, mkusanyo mwenzake, imekuja kwamba Nabii Zakariya alikuwa seremala. Hayo yanatosha kumfanya fundi ainue kichwa.

Niongeze jambo moja, fundi wangu, nawe usilichukue kwa ubaya. Aya mbili kabla ya ile inayomsifu Idrisa kwa ukweli, yaani aya ya 54, Nabii Ismail anasifiwa kuwa mkweli wa ahadi. Sifa hizo mbili zimewekwa jirani. Nawajua mafundi waaminifu wasiochukua hata kipande cha kitambaa cha mteja, lakini ukimuuliza nguo ya Idd itakuwa tayari lini, anakuambia kesho, na kesho hiyo inafika usiku wa mwezi kuandama. Anayempenda Nabii Idrisa kwa sababu ya sindano ampende pia kwa sababu ya neno lile ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe alilitanguliza: mkweli.

Shekhe, salaam nyingi kutoka Kondoa. Ndugu yangu alipotewa na maksai wawili. Akaenda kwa mpiga ramli, naye akachora mistari mchangani akasema elimu hiyo ni ya Nabii Idrisa, kwa hiyo haina kosa. Mistari ikatoa kwamba mwizi ni kijana aliyekuwa akituchungia. Kijana amefukuzwa bila mshahara wake. Mimi moyo wangu hautulii. Nini hukumu yake? — Mzee wa boma, Kondoa

Mzee wangu, moyo wako umekuambia kweli, na naomba barua hii uisome mbele ya ndugu yako.

Neno ramli lenyewe kwa Kiarabu ni mchanga. Mpigaji hutia nukta au mistari bila kuhesabu, kisha huzifuta mbili mbili aone kama imebaki moja au mbili, na kutokana na hayo hupata alama 16 ambazo kila moja amepewa maana yake. Ni kweli kwamba vitabu vya watu wa fani hiyo huinasibisha na Nabii Idrisa, kama vile wanajimu wa zamani walivyompachika elimu ya nyota. Lakini kunasibisha si kuthibitisha. Kila mwenye bidhaa angependa ijulikane kwamba imetoka kwa Nabii.

Wanachokitegemea ni hadithi moja, tena sahihi, iliyo katika Muslim, nayo ni lazima isomwe yote. Sahaba aitwaye Muawiya bin al-Hakam as-Sulami alikuwa mgeni katika Uislamu. Alimwambia Mtume: sisi tumetoka karibuni katika ujinga, na miongoni mwetu wapo wanaowaendea makuhani. Akajibiwa: usiwaendee. Akasema: wapo wanaoamini nuksi. Akajibiwa kwamba hilo ni jambo wanalolihisi vifuani mwao, lisiwazuie na mambo yao. Akasema: na wapo wanaopiga mistari. Mtume akasema kwamba palikuwa na Nabii mmoja aliyekuwa akipiga mistari, na ambaye mstari wake utaafikiana na wa Nabii huyo, basi ndivyo.

Tazama kwanza kwamba hapo jina la Idrisa halikutajwa. Baadhi ya wanazuoni wamedhani kuwa ndiye yeye, na dhana haijengi hukumu. Pili, tazama sharti lililowekwa: kuafikiana na mstari wa Nabii. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Muslim kwamba ruhusa imefungwa kwenye sharti ambalo sisi hatuna njia ya kulijua kwa yakini, na kwa hiyo haifai. Nabii alikuwa akipata wahyi. Yule wa kwenu anapata ada yake. Hata angekuwa na mistari inayofanana, nani atasimama ashuhudie kwamba ndiyo ile? Na katika Muslim hiyo hiyo imekuja kwamba atakayemwendea mpiga ramli au mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Ndugu yako na atubie, mlango uko wazi.

Lakini hadithi ya Muawiya haikuishia hapo, mzee wangu, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Baada tu ya maneno ya mistari, Muawiya anaendelea kusimulia habari ya mifugo yake mwenyewe. Alikuwa na kijakazi aliyemchungia kondoo upande wa Uhud na al-Jawwaniyya. Siku moja akaenda kutazama, akakuta mbwa mwitu ameondoka na kondoo mmoja. Anasema: nami ni mtu katika wanadamu, nahuzunika kama wanavyohuzunika, nikampiga kofi moja. Akamwendea Mtume, na Mtume akalifanya jambo hilo kuwa kubwa mno. Muawiya akauliza: je, nimwache huru? Mtume akaagiza aletwe, akamuuliza: Mwenyezi Mungu yuko wapi? Akasema: mbinguni. Akamuuliza: na mimi ni nani? Akasema: wewe ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akasema: mwache huru, kwani huyo ni muumini.

Sasa pima. Hadithi ile ile ambayo mpiga ramli anaitumia kama cheti chake ina mnyama aliyepotea na mchungaji mnyonge ndani yake. Na katika hiyo, hakuna mchanga uliochorwa kumtafuta kondoo. Lililomshughulisha Mtume lilikuwa kofi alilopigwa mchungaji, ingawa pale kondoo alikuwa amepotea kweli mikononi mwake. Kijana wenu hata hilo halijathibiti juu yake. Maksai hukata kamba, hufuata majani, huchanganyika na kundi la watu wengine mnadani. Na kama wameibwa, kuna mwenyekiti wa kijiji, kuna polisi, kuna mashahidi na kiapo. Mtume amesema kwamba lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai damu na mali za wenzao. Mtafuteni kijana huyo, mlipeni mshahara wake wote wa siku alizochunga, na mumtake radhi mbele ya watu wale wale waliosikia akiitwa mwizi. Maksai mtaendelea kuwatafuta.

Nabii aliyesifiwa kwa ukweli haingii katika shauri la kumsingizia mtoto wa watu. Linaniuma jina lake linapotumiwa hivyo.

Shikamoo Ustadhi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa. Madrasa tulifundishwa kwamba Nabii Idrisa hakufa, bali aliingia Peponi akiwa hai akakataa kutoka. Mwenzangu anasema alifia mbinguni. Lipi sahihi? — Binti, Kongwa

Marahaba, binti yangu. Swali lako limewashughulisha wafasiri tangu karne za mwanzo, na chanzo chake ni maneno yale ya aya ya 57, kwamba aliinuliwa mahali pa juu. Mahali gani?

Mujahid, mfasiri wa zamani, alisema aliinuliwa bila kufa, kama alivyoinuliwa Isa. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Abbas kwamba aliinuliwa mbinguni akafia huko. Al-Hasan al-Basri alisema mahali pa juu ni Pepo. Wapo waliosema kwamba kuinuliwa kwake ni kwa cheo, yaani heshima ya unabii, kama tunavyosema mtu fulani yuko juu bila kumaanisha kwamba amepanda ngazi. Kauli zote hizi zimesemwa na watu wenye elimu, na mfasiri at-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, amekusanya sehemu kubwa ya riwaya zake mahali pamoja.

Kisa cha mwenzako kinatokana na Kaab al-Ahbar, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyesilimu. Kinasema kwamba Idrisa alitaka azidishiwe muda wa kutenda mema, akamwomba rafiki yake malaika amsemee kwa Malaika wa Mauti. Malaika akambeba kati ya mbawa zake. Walipofika mbingu ya nne wakakutana na Malaika wa Mauti anashuka. Akaulizwa habari ya Idrisa, naye akasema: Idrisa mwenyewe yuko wapi? Akajibiwa: huyu hapa mgongoni kwangu. Akasema: ajabu iliyoje! Nimetumwa nikachukue roho yake katika mbingu ya nne, nami nikawa najiuliza nitaichukuaje huko na yeye yuko ardhini. Ni kisa kizito, na kila nikikisoma kinanisimamisha. Hata hivyo Ibn Kathir, baada ya kukinukuu, ameeleza kwamba ni katika habari za Israiliyati, yaani masimulizi yaliyotoka kwa Wana wa Israili, na kwamba baadhi yake ina ugeni. Kile ulichofundishwa wewe, cha kuingia Peponi na kukataa kutoka, kimo katika vitabu vya visa, nacho ni dhaifu kuliko hiki.

Lililo sahihi bila ubishi ni kwamba Mtume wetu alikutana naye usiku wa Miraji, alipopandishwa mbinguni. Katika mbingu ya kwanza alimkuta Adam, ya pili Isa na Yahya, ya tatu Yusuf, ya nne Idrisa, ya tano Harun, ya sita Musa na ya saba Ibrahim. Katika mapokezi ya Anas yaliyo kwa Muslim, alipofika kwa Idrisa aliisoma aya ile ile ya kuinuliwa. Basi katika karatasi yako ya mtihani wa dini andika mbingu ya nne, na namna alivyofika huko useme kwamba wanazuoni wamekhitilafiana. Hilo ni jibu kamili.

Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpwapwa, Mkristo. Husoma safu yako kwa sababu darasa langu lina watoto wa dini zote mbili. Je, Idrisa wenu ndiye Henoko wetu? — Mwalimu, Mpwapwa

Ahsante sana, mwalimu, na heko kwa kuuliza kabla ya kuwafundisha watoto.

Wanahistoria wengi wa Kiislamu, Ibn Ishaq akiwa wa mbele yao, wamesema ndiye. Wanamwita Akhnukh, nalo ni jina lile lile la Henoko, na wanampa nasaba ile inayosomwa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 5: mwana wa Yaredi, baba wa Methusela, na kutoka kwake hadi Nuhu. Huko mnasoma kwamba aliishi miaka 365, akaenda pamoja na Mungu, kisha akatoweka kwa maana Mungu alimtwaa. Ukiweka maneno hayo kando ya aya yetu ya kuinuliwa, unaona mara moja kwa nini wanazuoni waliwaunganisha. Zaidi ya hapo, Wakristo wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia wanacho kitabu kizima kinachoitwa cha Henoko, kilichohifadhiwa kikamilifu kwa lugha ya Geez, na makanisa mengine mengi hayakihesabu katika Biblia yao. Kwa hiyo kumbukumbu ndefu zaidi ya mtu huyo imetunzwa hapa hapa Afrika.

Lakini Qur'ani haikulitaja jina la Henoko, na si wote waliokubali. Bukhari ametaja kwamba imepokewa kutoka kwa Ibn Masud na Ibn Abbas kwamba Ilyas ndiye Idrisa, na Ilyas ni yule mnayemwita Eliya, aliyekuja miaka mingi baada ya Nuhu. Wenye maoni hayo wana hoja nzuri kutoka katika Miraji: Adam na Ibrahim walimkaribisha Mtume wakimwita mwana mwema, kwa kuwa wao ni mababa zake, ilhali Idrisa alimwita ndugu mwema. Angekuwa babu wa Nuhu, wakauliza, si naye angesema mwana? Wengine wakajibu kwamba mtu mkubwa huweza kumwita mdogo wake ndugu kwa unyenyekevu. Mimi naelemea kwa hao wa pili, kwa sababu ya aya ya 58 ya Surat Maryam, inayowagawa Manabii waliotangulia kutajwa kuwa ni wa kizazi cha Adam, na wa wale waliobebwa pamoja na Nuhu, na wa kizazi cha Ibrahim na Israili. Wafasiri walipotafuta ni nani katika waliotajwa anayenasibishwa kwa Adam peke yake bila kupitia safina, walimpata Idrisa.

Darasani, mwalimu, unaweza kuwaambia watoto kwamba wengi wa wanazuoni wa Kiislamu wanaona ni mtu mmoja. Mtoto wa Kiislamu hatakuwa amedanganywa, wala wa Kikristo.

Tumepata mtoto wa kiume na tunataka kumwita jina la Nabii huyu. Mama yake anataka Idris, mimi nataka Idrisa kama marehemu babu. Ipi ndiyo sahihi, na maana yake ni nini? — Baba wa mtoto, Bahi

Hongereni, Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri.

Kuhusu maana, utasikia watu wakisema jina hili limetoka kwenye neno lile lililotupatia darasa na madrasa, kwa sababu Nabii huyo alisoma sana. Ni maelezo yanayopendeza, lakini mabingwa wa lugha kama az-Zamakhshari waliyakataa, wakasema ni jina la kigeni lililoingia katika Kiarabu, na dalili yake ni kwamba halikubali tanwini, yaani sauti ya n mwishoni, kama majina ya Kiarabu halisi.

Kuhusu matamshi, mama yuko sawa, kwani Idris ndilo jina linapotajwa peke yake. Nawe pia uko sawa. Fungua msahafu katika zile sehemu mbili nilizozitaja kwa fundi wa Majengo, usome kwa sauti bila kukata pumzi: katika zote mbili, kwa kanuni za irabu za Kiarabu, herufi ya mwisho ya jina ina fat-ha, yaani irabu ya a, na linasikika Idrisa, kama lilivyokuwa likitamkwa la babu yako.